Ufa wa Upanga wa Kuwahara

Juni 7
Mvua za plamu, zile za Juni matunda hayo yanapoiva, zimeanza asubuhi. Redio imetangaza kana kwamba sisi wengine hatuna mapaa ya kutuambia. Nimefunga madirisha ya kusini na kuacha la kaskazini peke yake, maana mwanga wa kaskazini haujui kupendelea. Upanga ukiwa na kasoro, utaiona.

Nimenunua keki za mchele zenye maharage, sanduku zima, kwa ajili ya Kuwahara. Kila mwaka mvua zikianza huvuka mto kwa basi na upanga wa babu yake kwenye mfuko wa hariri, na kabla hajavua viatu ananitupia neno lilelile: "Fundi, mgonjwa wetu anatoka jasho tena." Doa la kutu limerudi palepale, shibiri moja na vidole vitatu kutoka ncha. Mimi nalisugua, kusugua panga ndiyo kazi yangu, yeye ananisimulia habari za kwao, kisha tunacheza shogi, sataranji ya kwetu, na ananifunga. Mwaka huu utakuwa wa ishirini na saba.

Juni 8
Hakuja.

Juni 10
Mvua. Nimekula keki mbili mwenyewe, zilikuwa zinaanza kukauka.

Juni 13
Nimempigia simu, inaita tu. Nimejiuliza kama kakasirika. Mwezi Machi kwenye kikao cha chama chetu cha kutazama panga na kubahatisha zilikofuliwa, aliutaja upanga wa hapahapa kwetu Bizen kuwa wa Mino, mkoa wa mbali, watu wakacheka, na mimi nilicheka. Lakini Kuwahara hajawahi kupatia kikao hata kimoja, na mtu wa kwanza kumcheka ni yeye mwenyewe.

Tangu mke wangu Fumie afariki, miaka minne sasa, nimezoea nyumba kimya. Nilidhani nimezoea. Leo nimezungumza na mtu wa posta. "Mvua," akasema. "Mvua," nikasema. Akaondoka na pikipiki yake.

Juni 15
Upanga umekuja, Kuwahara hakuja.

Nilisikia mtu akijipangusa maji mlangoni nikatoka mbio na tabasamu langu, kama bwege. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini hivi, mabega mapana, nywele zimelowa, amekumbatia ule mfuko wa hariri ndani ya koti ili usilowe.

"Samahani kwa usumbufu, Fundi Isobe. Mimi Tamaki, mjukuu wa mzee Kuwahara."

"Babu yako yuko wapi?"

"Alianguka kwenye ngazi mwezi wa nne, akavunjika nyonga. Siku hizi ni kitanda na kiti cha magurudumu." Akanitazama. "Kumbe hukujua?"

"Ningejuaje?"

"Alikataza tusiseme. Anasema Isobe akijua ataanza kumhurumia kwenye shogi, halafu mchezo utakosa chumvi."

Nikamkaribisha chai na keki. Anafundisha michezo katika shule ya sekondari, na jioni anajifunza kukata kwa upanga, ile mikeka inayokunjwa na kulowekwa mpaka iwe mizito kama mkono wa mtu. Ameanza tangu chuo. Nilikuwa nasikiliza nusunusu, nikiufungua mfuko, mpaka aliposema:

"Safari hii naomba upanga ukae sawasawa, Fundi. Tarehe mbili Agosti nitakata nao hekaluni. Babu amenipa."

"Utakata? Na huu?"

"Na huu huu. Babu anasema umelala miaka themanini, umechoka kulala. Wanafunzi wangu wote watakuja." Akacheka. "Hilo doa ni lilelile, anasema wewe unalijua kama mwanao."

"Nalijua," nikasema.

Nikamwambia auache kwa wiki tatu. Kutu ile ni kazi ya nusu siku.

Juni 16
Nimeutazama chini ya balbu, ingawa sikuwa na haja. Niandike hapa basi, maana sijawahi kuliandika popote.

Upanga ukitoka motoni na kuzamishwa majini, kando ya makali hubaki mstari mweupe, kama ukungu unaopita kwenye mabonde. Sisi huuita hamon. Humo ndimo ulimo ugumu wa upanga, na humo ndimo wapimaji tunatafuta aibu zake. Ukungu ukikatika mahali, ni aibu ndogo. Ukififia karibu na mpini, huenda upanga uliungua ukarudishwa motoni. Hizo husameheka. Isiyosameheka ni ufa uliosimama wima kuyavuka makali, mwembamba kuliko unywele, hauonekani mpaka uinamishe upanga kwa pembe moja tu na uzuie pumzi. Upanga wenye ufa huo tunauita umekufa. Kabatini utakaa miaka mia tano ukipendeza. Ukikata nao kitu kizito, kuna siku utakatika na kipande kitaruka kwenda kokote kinakotaka.

Upanga wa Kuwahara una ufa huo. Unyevu wa mvua unaingia ndani yake na kutoka na kutu. Ndilo doa lenyewe.

Niliuona siku ya kwanza alipouleta. Na kwetu hayasemwi. Unauinamia upanga wa mwenzio, hufungui kinywa juu yake usije ukautemea mate, unausifia kilicho kizuri, na mabaya yake unayapita kama unavyopita mlango wa jirani uliosahauliwa wazi. Unaurudisha kwa mikono miwili unasema, "Nimejifunza mengi." Nikasema hivyo. Lakini mimi nilizidisha. Nilichukua kijiwe chembamba cha kidole gumba, kile tunachong'arishia weupe wa mstari, nikauchora mstari upande kilima kidogo pale penye ufa, na ufa ukamezwa na weupe. Nilijisikia fundi kwelikweli. Kuwahara alipotaka kuupeleka kwa wapimaji wakubwa upewe hati, nilimwambia, "Hati ya nini? Kwani babu yako alikuwa na hati?" Akafurahi sana na jibu hilo.

Mwaka wa kwanza nilinyamaza kwa adabu. Uongo ulikuja baadaye, nilipoanza kuzingojea mvua. Ile kutu ilikuwa inaniletea mgeni.

Juni 17
Kutu imetoka.

Juni 19
Mvua. Ukuta wa bafu umeota ukungu. Nimeusugua upanga usiohitaji kusuguliwa.

Juni 21
Tamaki kapiga simu. Nimesema unyevu ni mwingi, mawe hayashiki. Kasema, "Pole kwa kazi, Fundi." Nimeona haya.

Juni 24
Nimepanda basi kwenda kumwambia.

Kitanda chake wamekiweka sebuleni, karibu na dirisha. Amekonda, shingo imekuwa kama ya kuku, lakini mdomo ni uleule.

"Umezeeka, Isobe."

"Wewe je, uliyeangushwa na ngazi mbili?"

"Zilikuwa tatu! Usinipunguzie." Akacheka mpaka akashika ubavu. "Keki ziko wapi? Tamaki anasema ulimlisha keki zangu."

"Zilikuwa zinakauka."

"Basi mwakani nunua chache." Akanyoosha kidole kwenye picha ya babu yake ukutani, amevaa sare, upanga kiunoni. "Unajua, mwanangu anauza viyoyozi. Ukimpa upanga atakuuliza una dhamana ya miaka mingapi. Nikasema, hii habari itaishia kwangu. Halafu anatokea huyu msichana! Nimemwona akikata. Isobe, hakuna kelele. Mkeka unakaa kidogo kama haujaambiwa, ndipo unaanguka. Nimelala hapa miezi miwili, kila nikitaka kukata tamaa nahesabu siku za kufika Agosti. Wataniweka mstari wa mbele, na hiki kigari changu."

Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Naapa nilikuwa nimeufungua.

"Unyevu ni mwingi mwaka huu," nikasema.

"Wewe na unyevu wako," akasema. "Leta shogi."

Akanifunga mara mbili. Sikumhurumia, nilikuwa sioni kete. Kwenye basi mama mmoja aliniuliza kama naumwa.

Juni 28
Usipoziba ufa utajenga ukuta, wanasema. Ufa wa upanga hauzibiki. Ningemwambia siku ya kwanza, ungekuwa uchungu wa mwaka mmoja. Sasa nikisema, natoboa na ile miaka mingine yote, chai zote, kila mara aliponiita macho yake.

Juni 30
Mvua. Hakuna aliyepita.

Julai 3
Tamaki amekuja bila kupiga simu. Anataka upanga aanze mazoezi Jumapili.

Nilimkalisha kwenye dirisha la kaskazini. Nilipaka mafuta ya karafuu shibiri moja na vidole vitatu kutoka ncha, nikayafuta kwa karatasi mpaka chuma kikakauka kabisa. Kisha nikanyunyizia unga wa jiwe, mweupe, laini, nikamwambia angoje. Tulikaa tunautazama ule unga kama watu wanaongojea maji yachemke. Dakika tano hivi zikapita. Mstari mweusi ukajichora katikati ya unga, mfupi, wima, mwembamba sana.

"Nini hiyo?"

"Ufa. Mafuta yaliyobaki ndani yanarudi nje."

"Umeingia lini? Sisi tumeutunza vizuri."

"Ulikuwepo kabla yenu."

"Na wewe umeujua lini, Fundi?"

Ningeweza kusema jana. Uso wake ulikuwa tayari kuliamini.

"Tangu babu yako aulete mara ya kwanza."

Hakupandisha sauti. Heri angepandisha. "Ningekata nao ukakatika, kipande kingeruka wapi?"

"Popote."

"Wanafunzi wangu wangekaa mbele. Babu angekaa mbele." Akausogeza mkono kutoka kwenye mto wa kulazia upanga. "Nilikuja hapa tarehe kumi na tano nikakuambia kabisa nataka kukata nao. Ukanipa keki!"

"Nisingekuacha ukate."

"Ungefanyaje? Ungesema unyevu mpaka Agosti?"

Ndivyo nilivyokuwa nimepanga.

Akavaa koti. "Mimi simwambii. Sijui hata nianzie wapi. Utamwambia wewe, kwa mdomo wako, na umwambie yote." Mlangoni akageuka. "Na asante kwa kunionyesha," akasema.

Julai 5
Nimemwambia.

Alianza kwa kucheka, akidhani ni utani. Nikamwonyesha kwa mafuta na unga, palepale kitandani. Akauangalia ule mstari muda mrefu, kisha akausogeza upanga mbali kwa mgongo wa mkono, taratibu, bila kuugusa kwa vidole.

"Macho yangu sikuzote mabovu," akasema. "Si unajua. Bizen naita Mino."

"Ni mgumu kuuona."

"Wewe uliuona. Na huo weupe juu yake? Nilikuwa nausifia kila mwaka, kile kilima. Nilikuwa nawaonyesha wageni."

"Niliuchora mimi."

Akafumba macho. Nilidhani amelala, kumbe anafikiri.

"Nani mwingine anajua?"

"Sijui. Unajua mwenyewe, kwetu hayasemwi."

"Kikao ni tarehe kumi na mbili," akasema. "Mtanibeba."

Julai 8
Mvua kubwa. Mto umepanda, basi limesimama. Hakupiga simu na mimi sikupiga.

Julai 12
Nyumbani kwa daktari wa meno Muroi. Tulikuwa watano: Muroi, mzee Nagase aliyekuwa mkuu wa stesheni, Doi aliye mpimaji wetu, mimi, na Kuwahara kwenye kiti cha magurudumu, Tamaki akisukuma. Wote wakamlaki kwa furaha. Nagase akamtania, "Siku hizi unakuja na gari lako!" Kuwahara akampa Tamaki ishara, upanga ukawekwa kwenye mto wa kulazia chini ya balbu.

Desturi yetu ni hii: upanga huwekwa mpini umefunikwa usionekane jina, kila mtu huutazama kimya, huandika kwenye kipande cha karatasi jina la mhunzi anayemdhania, na Doi huzifungua karatasi na kusema nani amepatia.

"Leo siulizi mhunzi," Kuwahara akasema. "Mhunzi mnamjua, upanga huu mmeuona mara kumi. Leo kila mtu aandike kasoro yake kubwa kuliko zote. Na asiniletee adabu. Nimezeeka, sina muda wa adabu."

Wakatazamana. Muroi akasafisha koo. "Mzee Kuwahara, mbona ghafla, upanga mzuri hivi…"

"Andika, daktari."

Wakainama mmoja mmoja. Wakautazama mmoja mmoja. Na hapo niliona kwamba hawakuutazama upanga mzima. Hakuna aliyeanzia kwenye mpini wala aliyepandisha jicho polepole kama tunavyofanya. Kila mmoja aliuinamisha na jicho likaenda moja kwa moja, shibiri moja na vidole vitatu kutoka ncha, likatua na kuondoka. Wakaandika bila kufikiri.

Doi alizifungua karatasi.

Ya Nagase: Ufa wa makali, karibu na ncha.

Ya Muroi: Ufa, umefunikwa kwa weupe na mtu mwenye mkono mzuri.

Ya Doi mwenyewe: Ufa. Umekufa. Samahani sana.

Yangu ilikuwa na neno moja, hata sikumbuki kama aliisoma.

Nilitazama mkeka. Ile sanaa yangu ya kuficha, niliyojivunia nusu ya umri wa kazi yangu, haikumdanganya mtu yeyote isipokuwa mmoja.

Kuwahara alikuwa anatikisa kichwa taratibu, kama mtu anayekubali bei. "Nagase, wewe uliujua lini?"

"Ah, mzee… zamani. Mara ya kwanza au ya pili."

"Daktari?"

"Tulikuheshimu," Muroi akasema. "Ungetaka tuseme nini? Ulikuwa unaupenda."

"Heshima gani ya kumwacha mtu anatembea uchi sokoni?" Hakufoka. "Mlikuwa mnatazamana nikiushika?"

Nilikumbuka kwamba ndiyo, tulikuwa tunatazamana. Nilidhani wanatazama kazi yangu.

"Kumbe miaka yote hii," Kuwahara akasema, "humu ndani nilikuwa nimekaa peke yangu."

Tamaki akaufunga upanga. Walipofika mlangoni nilienda kumsaidia kushusha kiti, akasema, "Tutaweza, Fundi," nami nikabaki nimeshika hewa.

Julai 13
Sijafanya kazi.

Julai 14
Mvua. Siku zote nimejiona mimi ndiye mpweke na yeye ndiye mwenye watu: mtoto, mjukuu, vicheko. Nilikuwa namsubiri kama mtu anayeomba. Sikuwahi kufikiri kwamba mtu anaweza kukaa kati ya marafiki wanne, chai mkononi, akawa peke yake kuliko mimi na nyumba yangu tupu, na asijue. Mimi angalau nilijua.

Julai 16
Nimempigia. Mwanawe kapokea, kasema mzee amepumzika. Nikasikia redio na kikohozi chake karibu na simu.

Julai 17
Nimepiga tena. Amepumzika.

Julai 20
Mvua zimekwisha. Jua kali, kila mtu mtaani ameanika magodoro. Nimemwandikia Tamaki kwamba kuna upanga mpya wa mhunzi ninayemjua, mzima, nimeukagua mchana na chini ya balbu, mwenyewe yuko tayari kumwazima. Nimeandika kila kasoro yake, hata zile ndogo: ukungu umekatika kidogo sehemu mbili karibu na mpini, haina madhara. Orodha imejaa ukurasa.

Julai 23
Amekuja kuuchukua. Aliisoma orodha yote mbele yangu, akaniuliza maswali matatu ya maana. Chai hakunywa.

Julai 27
Joto. Nguo zinakauka kabla hujamaliza kuanika.

Agosti 2
Nimekwenda hekaluni. Hakuna aliyenialika, wala aliyenikataza. Nilikaa nyuma, chini ya kamba za taa za karatasi, karibu na akina mama wanaouza barafu ya kusaga. Kuwahara alikuwa mstari wa mbele kwenye kiti chake, kofia nyeupe, wanafunzi wamemzunguka wakipiga kelele. Nagase na Muroi walikuwapo upande wa pili, nao wametengana.

Tamaki alikata mikeka mitano. Babu yake alisema kweli, hakuna kelele. Mkeka unakaa kidogo, ndipo unaanguka. Wa tano aliukata mara mbili kabla kipande cha kwanza hakijagusa chini. Wanafunzi wake wakapiga yowe. Kuwahara hakupiga makofi. Alikuwa ameweka mikono yote miwili juu ya magoti, ameketi wima kabisa, na nilimtazama yeye zaidi kuliko mikeka.

Baada ya hapo Tamaki akaenda kumwinamia. Walizungumza kidogo. Kisha nikamwona anakuja kwangu, anapenya kati ya watu, jasho bado linamtiririka.

"Babu anauliza," akasema.

"Anauliza nini?"

"Marehemu Bi Fumie. Naye alijua?"

Fumie alimmiminia chai kila mwaka. Alimpenda, alikuwa anamchagulia keki iliyojaa maharage zaidi. Kuwahara alilia kwenye mazishi yake kuliko mimi. Mtu aliyekufa hawezi kukukana, na kusema hapana kungekuwa adabu. Neno lilikuwa tayari ulimini.

"Alijua," nikasema. "Kila mwaka, mlango ukishafungwa nyuma ya babu yako, alikuwa ananiambia: 'Mwambie rafiki yako.' Kila mwaka. Na mimi nilimwambia anyamaze. Mwambie hivyo hivyo, usipunguze."

Alinitazama, akaitikia kwa kichwa, akarudi kule mbele. Nikamwona anachuchumaa kando ya kiti na kusogeza mdomo kwenye sikio la babu yake. Kuwahara alisikiliza bila kugeuka. Halafu akainua mkono kidogo, akamshika begani, akamwomba arudie.

Akarudia.